Mwanangu usiache kuchekesha, ila ile kazi ya mikopo isubiri kwanza

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu, nikaona nisikujibu kwa voisi maana mambo haya kwa voisi hayakai, bora niandike taratibu hata kama itachukua siku mbili.

Umeniuliza hivi, nairudia ili tusipishane. Mwenzio kazini kakupa kitabu cha Neil Postman akakwambia soma huyu mzee, anakusema wewe. Na wewe miaka miwili sasa unakula na kulipa kodi kwa klipu za komedi, ukasoma jina la kitabu tu moyo ukakulipuka, ukanikumbuka mimi mamaako niliyekuwa nakitaja kitabu hicho tangu uko darasa la tano, ukauliza, mama kwani ni kweli kinasema kuchekesha kunaua watu akili, sasa mimi niache? Alafu chini kabisa, kama mtu anayetaja kitu kidogo, ukasema kuna kampuni ya mikopo ya simu inataka uwatengenezee vidio sita za kuchekesha, dakika moja moja, za kuwaeleza wateja masharti ya mkopo, na hela yake ni kodi ya miezi minne.

La kwanza jibu lake ni hapana, usiache. La pili ndo lililonifanya nikae chini.

Kitabu chenyewe kinaitwa Amusing Ourselves to Death, yaani kujiburudisha mpaka tufe, kilitoka 1985. Mimi nilikipata 1996 nikiwa chuo cha ualimu, mwalimu wetu mmoja alikuwa na nakala yake tukachanga hela tukatoa fotokopi. Sasa kumbuka 1996 huku bara TV ilikuwa na miaka miwili tu, ITV ilianza 1994, wenzetu Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973 tena ya rangi, sisi Kisarawe tulikuwa na redio. Redio Tanzania, Pwagu na Pwaguzi, nyumba nzima inacheka, kikiisha babu anazima redio ili betri zisiishe na kila mtu anarudi kwenye shughuli yake. Kwaio nilikisoma kitabu kile kama mtu anayesimuliwa mafuriko ya mto asioujua, nikapiga mstari hapa na pale nikafaulu mtihani nikakiweka. Nimekuja kukielewa saivi, mto uko mlangoni kwangu.

Postman alikuwa mwalimu kwanza, hilo ulishike. Alizaliwa New York, Brooklyn, mwaka 1931, kasomea ualimu, akafundisha Chuo Kikuu cha New York zaidi ya miaka 40 mpaka alipofariki Oktoba 2003. Yaani kafa kabla hizi simu za tachi hazijashika dunia, hakuona mtu akipangusa skrini kwa kidole gumba akiwa msalani, lakini ukimsoma unaapa alikuwa amekaa sebuleni kwetu. Vitabu vyake aliandika kwa mkono. Na ni mtu wa kuchekesha, mwanangu, kitabu hicho unachokiogopa utacheka humo ndani, ana ulimi mkali na hadithi nyingi, sasa mtu anayechukia kicheko hawezi kuandika vile.

Mawazo ya kitabu yalitokana na mazungumzo aliyoyatoa Ujerumani, kwenye maonyesho ya vitabu ya Frankfurt mwaka 1984, mwaka ambao dunia nzima ilikuwa inamzungumzia George Orwell kwa sababu ya ile riwaya yake yenye jina la mwaka huo. Orwell unamjua, ndo huyo wa Shamba la Wanyama lililotafsiriwa na Fortunatus Kawegere, ulilisoma nyumbani ukalia farasi alipopelekwa kuchinjwa. Watu walikuwa wanasema haya sasa 1984 imefika na yale ya Orwell hayajatokea, serikali haijatuwekea macho ukutani, tushukuru. Postman akasema ngojeni, kuna mwingine mmemsahau, Aldous Huxley, aliyeandika riwaya yake 1932. Orwell aliogopa watakaopiga vitabu marufuku. Huxley aliogopa itafika siku hakuna haja ya kupiga kitabu marufuku kwa sababu hakuna atakayetaka kukisoma. Orwell aliona tutaangamizwa na tunachokichukia, Huxley akaona tutaangamizwa na tunachokipenda. Postman anasema kwa Marekani yake, huyu wa pili ndo aliyeona mbali.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo yule mwenzio aliposoma haraka haraka. Postman anasema wazi kabisa kwamba vipindi vya upuuzi vya TV havina neno. Anavitaja kwa majina, vya komedi na vya mapigano, anasema hivo havimtishii mtu afya yake, tena anasema upuuzi ndo kitu TV inachokiweza kuliko vyote. Kinachomtisha ni taarifa ya habari, ni kipindi cha uchambuzi, ni hata kile kipindi cha watoto cha Sesame Street kilichoanza 1969 ambacho wazazi wote walikuwa wanakisifu. Kwanini? Kwa sababu vile vya komedi vinasema mimi ni komedi, ukicheka umecheka basi. Hivi vingine vinajiita habari, dini, siasa, elimu, na huku chini vimevaa nguo ya burudani, mtu anatoka pale akidhani kajua kitu na hajajua.

Mfano anaoutumia sana ni habari. Alikuwa anasema kwenye TV za kwao habari moja kwa wastani inachukua sekunde 45, na picha moja inakaa sekunde tatu na nusu tu ndo inabadilishwa, jicho lisichoke. Alafu kuna maneno mawili ya mtangazaji aliyoyapa sura nzima ya kitabu, yale ya "na sasa", yaani mtangazaji kasema watu wamekufa sehemu fulani, kanyamaza kidogo, na sasa, tangazo la biskuti. Anasema maneno hayo mawili hayaunganishi kitu na kitu, kazi yake ni kukata, kukwambia kwamba ulichosikia sasa hivi hakihusiani na kinachokuja, umeshakifikiria vya kutosha, weka pembeni.

Nikwambie kilichonitokea, sijamwambia mtu. Unakumbuka Desemba 2023, yale maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang, pale Katesh? Nilikuwa jikoni, vidole vinanuka kitunguu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta. Ikaja vidio ya mama wa makamo kama mimi, kasimama juu ya tope, anaonyesha kwa mkono chini, hapa palikuwa jikoni. Hapa palikuwa jikoni, anarudia. Nikasema innalillahi, machozi yakanitoka, na kidole kikasogeza. Sikukusudia, kilisogeza tu. Ikaja klipu ya kijana kavaa wigi anaigiza mama mkwe, nikacheka. Nilicheka kwa sauti peke yangu jikoni, machozi ya yule mama bado yako shavuni. Ikafuata tangazo la kubeti. Nilisimama pale nikaona aibu ambayo siwezi kuieleza, kwa sababu hakuna aliyeniona na hakuna niliyemkosea, ila nilijua kuna kitu nimenyang'anywa.

Yule kijana wa wigi hana kosa, komedi yake ilikuwa nzuri. Kosa liko kwa aliyewaweka wale wawili mlango mmoja, mwenye msiba na mwenye ngoma, akaondoa ukuta katikati.

Na hapa nataka nikwambie kitu ambacho Postman hakukijua, kwa sababu hakuwa Mzaramo.

Bibi yangu mzaa mama alifariki 1987, wewe hujazaliwa. Nyumba ilijaa, wanawake ndani wanalia, mama yangu alikuwa siku ya pili hajatia kitu mdomoni, amekaa kwenye mkeka kaegemea ukuta macho makavu. Watani zetu wakaja, Wanyamwezi, unajua utani wetu na wao ni wa tangu enzi za misafara wapagazi wakitoka bara wakipita kwetu kwenda pwani. Mwanamke mmoja wa kinyamwezi jirani yetu akaingia chumbani kwa marehemu, akatoka kavaa khanga ya bibi, ile nyekundu aliyokuwa anaifunga akienda shamba, kashika mkongojo wake, kainama vilevile, mguu wa kushoto unaburuta vilevile, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye masufuria ya msiba, akachovya kidole kwenye mchuzi, akaonja, akageuka na sauti ya bibi ileile, "Nani katia chumvi yote hii? Mnataka niende huko na kiu?"

Wallahi ile nyumba ilipasuka. Mama yangu alicheka mpaka akaanguka upande, na kicheko kile kikageuka kilio, kilio chenyewe sasa, kile kilichokuwa kimegoma siku mbili, wakamshika, akalia, akanyamaza, akaomba uji. Nje huko wajomba wanasema mtani mwingine alishuka kaburini akalala, hatoki mpaka alipwe. Na maiti ilipoinuliwa yule mama wa kinyamwezi alikuwa ameshavua khanga, kaikunja, kaiweka juu ya kitanda, kajitanda vizuri, analia kama sisi.

Sasa niambie, hiyo si komedi? Ni komedi tena kwenye jambo zito kuliko yote. Lakini kila mtu mle ndani alijua anacheka nini, nani kafa, nani ana ruhusa ya kuchekesha na nani akijaribu atapigwa, na lini kinakoma. Angekuja mtu asiye mtani akafanya vile asingetoka salama. Kicheko kilikuwa na mipaka, na kilimrudisha mama yangu kwenye msiba, hakikumtoa.

Ndo maana maneno ya mwisho ya kitabu chake yalinikaa mimi zaidi ya yote. Anarudi kwa Huxley anasema tatizo la watu wale wa kwenye riwaya halikuwa kwamba wanacheka badala ya kufikiri, tatizo ni kwamba hawakujua wanacheka nini, na kwanini waliacha kufikiri. Umeona, hajasema wasicheke. Yule mama wa kinyamwezi angemwelewa Postman kwa dakika moja.

Simkubalii kila kitu. Anaipenda sana Marekani ya karne ya 19, Marekani ya watu wa kusoma magazeti na vitabu. Anasimulia mkutano wa Peoria, Illinois, mwaka 1854, Stephen Douglas kahutubia masaa matatu, Abraham Lincoln anasimama ni saa kumi na moja jioni, anawaambia watu na mimi nitachukua muda kama huo na mwenzangu ana haki ya kunijibu, kwaio nendeni nyumbani mkale chakula cha jioni mrudi, kuna masaa mengine manne. Na watu wakaenda wakala wakarudi! Tena wakati ule hakuna hata mmoja wao anayegombea urais. Postman anauliza ni watu wa namna gani wale wenye masikio ya hivo. Swali zuri. Lakini mimi nikimsoma najiuliza, walichokuwa wanabishania masaa yote hayo ni utumwa, uruhusiwe kuenea kwenye majimbo mapya au usiruhusiwe, na mtumwa mwenyewe hayupo jukwaani, na sehemu nyingi za kusini sheria ilikataza hata kumfundisha kusoma. Kwaio zama za maandishi nazo zilikuwa na walioachwa nje ya mlango, na hao walioachwa hekima yao waliibeba kwa nyimbo na hadithi na vichekesho, kama sisi na Abunuwasi wetu. Postman anaupa mkono wa maandishi uzito mwingi sana na mdomo anaupa mdogo. Sisi watu wa mdomo tunajua mdomo una adabu zake pia, una mashahidi, unaongea na mtu anayekuona usoni. Hiyo ya simu si ya mdomo wala si ya maandishi, ni kitu cha tatu, na hapo ndo naungana nae tena.

Vitabu vingine uliniuliza vina nini. Kile cha 1982, The Disappearance of Childhood, kuhusu utoto kutoweka, nitakwambia kwa ufupi. Anasema utoto kama tunavoujua uliletwa na kitabu, kwa sababu kulikuwa na siri za wakubwa ambazo mtoto hawezi kuzifikia mpaka ajue kusoma, polepole, darasa kwa darasa, sasa TV inammwagia kila kitu mtoto wa miaka minne sawa na mtu mzima, siri hakuna, na siri ikiisha na utoto umekwisha. Kwetu siri zile hazikukaa kitabuni, zilikaa unyagoni, mwali anawekwa ndani anafundishwa kwa mpango, kwa ngoma, kwa kungwi wake, jambo hili leo na lile mpaka wakati wake. Njia tofauti, akili ileile. Mpwa wako wa miaka tisa juzi kaniuliza kitu ambacho mimi nilikijua nikiwa mwali, kakitoa kwenye simu, na kauliza huku anakula embe.

Kinachokuhusu wewe ni kile cha 1992, Technopoly. Humo kuna kisa cha daktari mmoja wa Paris, René Laennec, mwaka 1816. Kaletewa mgonjwa msichana mwenye tatizo la moyo, wakati ule daktari alikuwa anaweka sikio kifuani moja kwa moja, akaona haya, akachukua karatasi akaikunja kama bomba, upande mmoja kifuani upande mmoja sikioni, akasikia moyo vizuri kuliko alivowahi. Ndo mwanzo wa ile mashine ya masikioni ya madaktari. Postman hasemi ni mbaya, nani atasema ni mbaya. Anasema angalia kilichokuja nyuma yake, kidogo kidogo daktari akaacha kumsikiliza mgonjwa akawa anasikiliza chombo, anachokisema mgonjwa mwenyewe kikawa si cha kuaminika, cha kuaminika ni kinachosema chombo. Anasema kila kifaa kinakuja na wazo lake tumboni, na halijitangazi.

Sasa hiyo kampuni yako ya mikopo. Mimi niko kikoba mwaka wa tisa huu. Nikitaka kukopa lazima nisimame mbele ya wanawake 22, waniulize ya nini, mama nanihii anasema mwezi jana mwanao aliumwa utaweza kweli, naona uchungu lakini wananijua. Simu haiulizi ya nini. Inaangalia miamala yako, inaangalia umekopa wapi na umelipa lini, inasema una sifa. Bomba la karatasi lilelile, halitaki kukusikia wewe. Na dada yako mdogo wa kwa shangazi unamjua, alichukua elfu hamsini kwenye programu moja ya namna hiyo akidhani ni ya mwezi, kumbe siku saba, ikazaa, akakopa kwingine kulipa ile, wakaanza kupigia simu watu waliomo kwenye namba zake wakiwaambia ndugu yenu tapeli, mpaka mwalimu wake wa zamani alipigiwa. Kausha damu ya mtaani, ule mkopo wa riba kali, angalau unaijua nyumba ya mwenyewe.

Nilimuuliza, hukusoma masharti? Akaniambia aliona vidio, ilikuwa inachekesha.

Hapo ndo nilipotaka tufike. Postman ana maswali kadhaa aliyoyaandika kwenye kitabu chake cha 1999, ya kuuliza kabla hujapokea kitu kipya. La kwanza, hiki kinatatua tatizo gani? La pili, tatizo hilo ni la nani? Kisha nani ataumia, na matatizo gani mapya yatazaliwa kwa kulitatua hilo, na nani atapata nguvu na hela. Alikuwa na kisa chake cha kununua gari, muuzaji anamsifia kile kifaa cha gari kushika mwendo lenyewe, yeye anamuuliza kinatatua tatizo gani, muuzaji kafikiri akasema tatizo la kuweka mguu kwenye mafuta, Postman akamjibu nimeendesha gari miaka 35 sijawahi kuona hilo ni tatizo.

Kwaio waulize hao watu. Vidio ya kuchekesha inatatua tatizo gani? Watakwambia watu hawasomi masharti, yanachosha. Haya, tatizo hilo ni la nani, la mkopaji au lao? Kama masharti yamechosha si wayafupishe wayaandike Kiswahili cha watu, riba hii, siku hizi, ukichelewa utakatwa hivi, tukikupigia tutampigia na nani. Hiyo ni karatasi moja, haitaki mwigizaji. Wakikubali kuiandika, alafu wakataka na wewe uifanye ichekeshe ili watu waiangalie, hapo tuzungumze. Wakikataa kuiandika wakataka kichekesho tu, basi ujue wanakihitaji kicheko chako kikae mahali pa karatasi. Yaani watu wacheke ili wasiulize.

Sisemi jambo zito lisichekeshwe, nimekusimulia khanga ya bibi. Nasema yule mama alipovaa ile khanga kila mtu alijua maiti iko chumba cha pili.

Fanya hivi, ukitaka kuipima. Tengeneza moja ya majaribio, usiwape bado. Mwonyeshe yule mama lishe unayekula kwake, hana muda na anajua hela. Acheke. Alafu muulize, mama, ukichukua laki moja hapa utarudisha ngapi na lini, na usiporudisha nini kinatokea. Akikujibu sawasawa, hiyo ni komedi na ni elimu, ifanye na hela chukua kwa moyo mweupe. Akikwambia sijui ila ule mguu ulivokuwa unautembeza umenivunja mbavu, ifute.

Na zile klipu zako zingine, ya jamaa anayelala na simu kifuani kama kichanga, ya dada anayepiga picha wali mpaka unapoa, mimi nazipenda na shangazi zako wanazishea. Jambo moja tu Postman aliliona nalo litakuumiza kidogo. Mwishoni aliwaza, je watu wakitengeneza vipindi vya kuikejeli TV ndani ya TV, si watafunguka macho? Akajijibu mwenyewe kwamba ili watu wavitazame lazima vichekeshe, vikichekesha vinakuwa vipindi vya TV kama vingine, faida yote inarudi kulekule. Nimeliwaza hilo kuhusu jamaa wako wa simu, maana nilimtazama kwenye simu, kitandani, saa sita usiku. Sina jibu kamili. Ila nakumbuka ulipokuwa kidato cha tatu ulimwigiza mwalimu mkuu siku ya mahafali mbele yake mwenyewe, ukumbi umejaa, na yeye akacheka akatoa kitambaa akapangusa macho, na wiki iliyofuata ile ratiba ya kuchota maji ikabadilishwa. Ulikuwa unawaona nyuso. Labda mara moja moja utafute ukumbi, hata mdogo, hata wa watu 30, ucheze mbele ya watu wanaoweza kukunyamazia.

Kuna toleo la hicho kitabu la mwaka 2005, la kutimiza miaka 20, mwanae Andrew ndo kaliandikia utangulizi, baba keshafariki. Anasimulia mwalimu anayewaambia wanafunzi wakisoma kitabu cha baba yake wafunge, masaa 24 bila TV bila kompyuta bila simu, na wanarudi na stori za ajabu. Ilinigusa kwa sababu ni mtoto anaendeleza hoja ya mzazi wake. Mimi nilifunga Ijumaa iliyopita, magharibi mpaka magharibi. Saa ya kwanza mkono ulienda mezani mara nyingi sana. Jumamosi asubuhi nikaenda kumwona yule mama wa kinyamwezi, bado yupo, macho yamefifia. Nikamkumbusha siku ile. Akaniambia alikuwa na hofu sana mpaka anatoka chumbani na khanga ile mikono inatetemeka, kwa sababu alimpenda bibi, na angekosea sauti angemuumiza mama.

Ile fotokopi ya 1996 nimeitafuta nikaipata kwenye sanduku la chuma, kurasa mbili za mwanzo zimeliwa na mchwa lakini sura ya sita na ya saba ni nzima na mistari yangu ya kalamu nyekundu iko palepale. Nimeifunga kwenye khaki pamoja na korosho za shangazi yako, kilo mbili, moja ni ya mwenzio wa kazini umpe. Nampa konda wa basi la kesho la saa kumi na mbili, namba yako nimemwandikia. Ukifika stendi mapema usimame upande wa mizigo, na ukimaliza ya mama lishe nipigie uniambie kajibu nini.

Mama yako